Kabla ya Kumchangia Kijana Karo ya Digrii ya Biashara

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Malindi na Kilifi)



Leo tunaleta jambo tuliloulizwa na kikundi kimoja cha akina mama. Kijana wa mwanachama wao amemaliza digrii ya kwanza. Sasa anataka digrii ya pili ya biashara, ile iitwayo MBA, ili aingie kazi ya ardhi na majumba. Mama yake ameomba harambee, na wengine wanasema sanduku lifunguliwe. Wakatuuliza: tutoe au tusitoe?

Kwanza tukiri kosa letu. Miaka iliyopita kikundi kingine kilituuliza vivyo hivyo, tukajibu haraka: changeni, elimu haina hasara. Watu wakauza mbuzi. Kijana akasoma, akarudi, akafungua ofisi ya kuuza ploti. Ndipo akaambiwa hana usajili wa kazi hiyo. Yeye hakuwa ameuliza, na sisi pia hatukuuliza. Basi leo tuulize pamoja.

Swali la kwanza: anataka kazi gani hasa? "Kazi ya ardhi" si kazi moja. Kuna sarveya, anayepima mipaka. Kuna mthamini, anayekadiria bei. Kuna wakala, anayeuza na kukodisha kwa niaba ya mwenye mali. Kuna anayesimamia nyumba na kukusanya kodi. Halafu kuna yule anayekopa benki, akajenga, akauza. MBA yamfaa zaidi huyu wa mwisho, au anayetaka kuendesha kampuni. Hufundisha hesabu za biashara, fedha, soko na uongozi. Lakini haimfanyi mtu kuwa sarveya wala mthamini.

Na wakala je? Tangu 1984 iko Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533. Mtu haruhusiwi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na bodi yake. Wathamini nao wana sheria yao, Sura ya 532, na bodi yao. Kwa hiyo kijana aiandikie bodi: kwa vyeti nilivyo navyo, mtanisajili? Nikiongeza digrii hii, je? Apate jibu kwa maandishi. Huenda akaona kwamba masomo ya ardhi na majumba yenyewe, kama yale ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yatamfaa kuliko MBA.

Swali la pili: chuo gani? Je, kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Ndani ya MBA mna nini? Anayetaka kukopa na kujenga atafute penye mkazo wa fedha. Anayetaka kuuza, wa masoko. Awatafute watu wawili watatu waliosoma hapo, awaulize wanafanya kazi gani sasa.

Swali la tatu: gharama. Karo si yote. Kuna chumba, chakula, nauli na utafiti wa mwisho, na masomo haya mara nyingi huchukua kama miaka miwili. Tunacho Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Aanze kuuliza hapo, maana akilala kwao gharama hupungua. Aulize pia mkopo wa HELB, na kama yako masomo ya jioni au mwisho wa wiki. Sisi tungependa kwanza afanye kazi mwaka mmoja kwa wakala aliyesajiliwa. Ataijua kazi, na atajua kama anaipenda.

Swali la nne ni letu sote. Darasani ataambiwa ardhi ni mali ya kuleta faida. Ni kweli. Lakini hapa pwani, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wapeleke madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na Wamijikenda wengi wakabaki bila hati. Mpaka leo ziko familia zinazolima walipozikwa babu zao na karatasi hawana. Kijana anayejua hesabu bila kujua hayo aweza kuuza alipokaa shangazi yake, akadhani amefanya biashara. Basi ajue kupekua rejista. Ajue kibali cha bodi ya ardhi kwa shamba la kilimo, na idhini ya mke au mume wa muuzaji. Hayo atayapata ofisi ya ardhi, na kwa wazee pia.

Sasa, mtoe au msitoe? Harambee ni hiari ya kila mtu. Lakini sanduku ni jasho la wote. Likifunguliwa, uwe mkopo, uandikwe katika kumbukumbu za mkutano, utolewe muhula kwa muhula baada ya kuona matokeo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kikundi kile kilimwita kijana wao na kumpa maswali haya. Hakukasirika. Ameiandikia bodi, na akina mama wanangoja jibu pamoja naye. Sanduku bado limefungwa.

Ya kuzungumza kikundini:
1. Je, tuna kanuni ya kumkopesha mwanachama karo?
2. Nani kwetu anajua kupekua rejista ya ardhi?
3. Kijana akisoma kwa jasho letu, tunatarajia nini kwake? Tumemwambia?