Diski Ikilalamika, Nakili Kwanza



Kompyuta ya Windows ina programu ya kukagua diski, iitwayo CHKDSK. Ikimaliza hutoa taarifa. Tuisome bila woga.

Ikisema imeona makosa, mara nyingi ni orodha ya mafaili iliyovurugika, kama daftari la ghala lisilolingana na magunia. Pengine umeme ulikatika ghafula. Amri ya CHKDSK /F hurekebisha daftari hilo.

Sasa tazameni mstari wa "bad sectors", yaani sehemu mbovu za diski. Ukisomeka 0 KB, vema. Namba ikizidi kila ukaguzi, jamani, diski inaelekea kufa. Msianze kutengeneza. Nakilini kwanza hesabu za ushirika kwenye diski nyingine. Diski hununuliwa dukani. Hesabu zilizopotea hazinunuliwi.