Kusoma Kabla ya Kujibu: Mazoezi ya Ufahamu wa Kiingereza katika Shule za Busia na Malaba

Mada kwa semina ya walimu wa Kiingereza wa shule za msingi na sekondari, Kaunti ya Busia

1. Utangulizi



Mitihani inapokaribia, shule zetu kutoka Malaba na Amukura hadi mjini Busia hushika mtindo mmoja. Karatasi za miaka iliyopita hutolewa nakala, wanafunzi hupitia vifungu viwili au vitatu kwa mpigo, majibu huandikwa ubaoni, kisha karatasi nyingine hugawiwa. Juhudi hiyo ni ya dhati, na wazazi huigharamia kwa pesa walizozipata kwa jasho. Hata hivyo, sehemu kubwa yake inamfundisha mtoto kujibu maswali, na sehemu ndogo sana inamfundisha kusoma. Hoja yangu ni hii: mwanafunzi aliyekielewa kifungu kimoja barabara, akaweza kuonyesha sentensi iliyompa kila jibu, amejiandaa kuliko mwenzake aliyepitia vifungu kumi mbiombio.

2. Mtihani unadai nini

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ilitujengea mazoea fulani. Katika karatasi ya Kiingereza yenye maswali 50, nusu yake, yaani la 26 hadi la 50, yalitokana na vifungu viwili, na kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Tulizoea kuwafundisha watoto kuondoa majibu yasiyofaa mpaka libaki moja. Mbinu hiyo ina manufaa yake, lakini inaweza kumpa mtoto alama kwa kifungu ambacho hakukielewa.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haina majibu ya kuchagua. Karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, ina alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu alama 20, dondoo kutoka kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Kwa hiyo alama 65 kati ya 80 zinamwendea anayeweza kusoma maandishi na kuyafafanua kwa maneno yake. Mtahiniwa huambiwa aeleze neno lilivyotumika katika kifungu, aandike muktasari usiozidi idadi fulani ya maneno, aorodheshe hoja kwa vidokezo, au aonyeshe mtazamo wa mwandishi kwa ushahidi. Anayenakili aya nzima akitumaini jibu limo humo ndani anapoteza alama hata kama macho yake yaliangukia mahali panapofaa.

Mtaala wa umilisi haujaliondoa hitaji hili. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 ulianza 2022, ule wa KJSEA wa Gredi ya 9 ukafanywa mara ya kwanza 2025, na kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Sura za mitihani zinabadilika, lakini uwezo wa kusoma na kuelewa unadaiwa katika yote.

3. Ushahidi uliotoka kwetu

Kaunti hii imewahi kuufundisha ulimwengu kuhusu jambo hili. Mwaka 1996, shirika lisilo la kiserikali la ICS lilianza kugawa vitabu vya kiada katika baadhi ya shule za msingi kati ya 100 zilizochaguliwa katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia alama za wanafunzi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2009, yalionyesha kuwa vitabu havikupandisha wastani wa alama. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu waliyoitaja inatuhusu moja kwa moja: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma kwa faida.

Baadaye, katika utafiti mwingine ulioendeshwa hapa hapa kwa miaka miwili, walimu wa shule 50 waliahidiwa zawadi iwapo alama za mtihani zingepanda. Alama za mtihani uliofungamanishwa na zawadi zilipanda. Mahudhurio ya walimu hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa kwa mtihani. Mpango ulipokwisha, faida haikudumu. Michael Kremer, aliyeshiriki katika tafiti zote mbili, ni mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na kazi iliyofanywa katika shule za Busia ilichangia heshima hiyo.

Nayasoma matokeo haya kama onyo lenye pande mbili. Kitabu mkononi mwa mtoto asiyeweza kukisoma hakimsaidii, na mazoezi ya mtihani pekee hupandisha alama za leo bila kujenga uwezo wa kesho. Kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ambayo mwalimu pekee ndiye anayeweza kuifanya: kumfikisha mtoto kwenye maana ya sentensi iliyo mbele yake.

4. Lugha za mpakani

Mtoto wa Malaba huenda akazungumza Kiteso nyumbani, Kiswahili stendi na sokoni, na kukutana na Kiingereza darasani tu. Wa Busia huenda akaanza na Kikhayo, Kisamia, Kimarachi au Kijaluo. Wapo pia wanaovuka kutoka Uganda, ambako karatasi ya Kiingereza ya PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, humtaka mtoto aandike majibu yake mwenyewe. Kulingana na sera, lugha ya eneo hutumika kufundishia katika Gredi ya 1 hadi ya 3, kisha Kiingereza kinachukua nafasi katika Gredi ya 4. Mtoto anaingia katika vifungu virefu akiwa bado anajenga msingi wa lugha yenyewe.

Tukichunguza majibu yaliyokosewa, mara nyingi kikwazo si msamiati mgumu. Ni maneno madogo yanayobeba mantiki. Kifungu kinaposema "The lorry will not be cleared unless the driver pays the fee", mtoto anayelipita neno "unless" atajibu kwamba lori halitaruhusiwa kamwe. Kinaposema "Hardly had he parked when it began to rain", wengi huona kana kwamba dereva hakuegesha. Viwakilishi navyo huwapotosha: mwanafunzi hasimami kujiuliza "they" ya aya ya tatu ni madereva au maafisa wa forodha waliotajwa katika aya ya pili.

Hapa Kiswahili na lugha za nyumbani ni msaada mkubwa. Wanafunzi wajadili kwa lugha wanayoimudu: nani amefanya nini, kwa sababu gani, kwa sharti gani? Maana ikishakaa, waiandike kwa Kiingereza. Kumzuia mtoto kufikiri kwa lugha anayoijua ni kumnyima njia ya kufikia ile asiyoijua.

5. Mpangilio wa kipindi

Napendekeza kifungu kimoja kifanyiwe kazi katika vipindi viwili.

Katika kipindi cha kwanza maswali yafichwe. Wanafunzi wasome kimya, kisha kila mmoja aeleze kila aya kwa sentensi moja. Wapigie mstari viunganishi na waonyeshe kila kiwakilishi kinamrejelea nani. Neno geni wakisie maana yake kutokana na sentensi zilizo jirani kabla ya kufungua kamusi, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani kamusi haimo.

Katika kipindi cha pili maswali yafunguliwe. Kwa kila jibu mwanafunzi ataje mstari uliompa ushahidi. Jibu sahihi lisilo na ushahidi lirudishwe. Jibu lenye kosa lakini lenye ushahidi lijadiliwe, maana hapo tunaona mawazo yalipopindia. Mwisho, wanafunzi watunge maswali mawili yao: moja ambalo jibu lake limeandikwa wazi, na moja linalodai msomaji aunganishe habari za aya mbili.

Karatasi za miaka iliyopita zibaki na kazi yake, yaani kumzoesha mtahiniwa muda, maagizo na ugawaji wa alama. Karatasi moja ya wakati kamili kila baada ya wiki mbili inatosha, mradi usahihishaji wake uchambuliwe swali kwa swali.

6. Vifungu kutoka mazingira yetu

Mpaka wetu na Uganda umejaa maandishi ya Kiingereza. Mfano mzuri ni masharti ya cheti rahisi cha asili ya bidhaa, anachotumia mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani bila kutozwa ushuru wa forodha, mradi zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Ndani ya masharti ya namna hiyo mna "mradi", "isipokuwa" na "isiyozidi", maneno yale yale yanayowaangusha watahiniwa. Mwalimu anaweza kuyaandika upya kwa kiwango cha darasa lake, kisha aulize: mama mwenye mahindi ya Uganda atalipa ushuru? Je, mwenye nguo zilizotoka China? Watoto wengi wana mzazi au jirani anayeishi kwa majibu ya maswali hayo, na watasoma kwa makini.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila shule ipunguze idadi ya vifungu kwa wiki na iongeze muda wa kila kifungu. Pili, walimu wa kanda moja watunge na kubadilishana vifungu vya mazingira ya mpakani, pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Tatu, walimu wa Gredi ya 4 hadi ya 6 waketi pamoja na wale wa Gredi ya 7 hadi ya 9, ili ustadi wa kutaja ushahidi uanze mapema. Nne, usahihishaji uandike aina ya kosa, kama ni msamiati, kiunganishi, kiwakilishi au agizo lisilofuatwa, badala ya alama pekee.

Hakuna pendekezo hata moja kati ya haya linalosubiri bajeti mpya. Yote yanahitaji mwalimu aliye tayari kukaa na darasa juu ya sentensi moja mpaka ieleweke. Naomba semina hii iazimie kuanza muhula ujao, na tukutane tena kulinganisha makosa ya wanafunzi wetu, shule kwa shule, kabla ya mtihani wa taifa kutulinganishia.