Kipako Kiuacho Bakteria: Mwulize Muuzaji, kwa Mwanga Upi?



Mama mmoja alitufikia akiwa na chupa ya kipako aliyoinunua kwa ajili ya chumba anamomwuguza mumewe mwenye kidonda. Muuzaji alimwahidi kwamba kitasa, meza na vyuma vya kitanda vikishapakwa vitaua bakteria vyenyewe usiku na mchana, wala hapatakuwa na haja ya kuvifuta tena. Kwa wiki mbili hakuvifuta.

Kipako cha namna hiyo si uongo mtupu. Mwaka 1972 wanasayansi wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba titani dioksaidi, kemikali ile ile inayoipa rangi ya ukutani weupe wake, ikimulikwa majini husaidia kuyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Baadaye ikabainika kwamba chembe zake ndogo mno, za vipimo vya nanomita, zikipata mwanga penye hewa na unyevu huzalisha oksijeni kali inayorarua utando wa bakteria.

Lakini si kila mwanga. Titani dioksaidi ya kawaida huamshwa na urujuanimno, mwanga usioonekana uliomo katika jua. Kioo cha dirisha huupunguza, na taa za LED za majumbani karibu hazinao kabisa. Giza likiingia, kipako hulala. Hata mwangani kazi yake huchukua saa kadhaa, na tabaka la vumbi, jasho au mafuta likikifunika, mwanga haukifikii. Asiyefuta meza yake anakizima kipako alichokilipia.

Zipo aina zilizotengenezwa ziamke kwa mwanga wa ndani ya nyumba. Basi dai cheti: ISO 27447 hupima kwa urujuanimno, ISO 17094 hupima kwa mwanga wa taa za ndani. Cheti cha kwanza hakikuambii lolote kuhusu chumba kisichoingia jua. Asiye na cheti chochote, mwachie chupa yake. Kile cha kunyunyizia kisinyunyizwe karibu na mgonjwa wala mtoto, kwa kuwa chembe hizo hazifai kuvutwa mapafuni.

Mama yule tulimshauri arudie maji, sabuni na kitambaa safi, na anawe mikono kabla ya kugusa kidonda. Chupa yake alikuwa bado anayo, na risiti pia. Kwa hivyo viwili tunamdai muuzaji.