Mfumo Mzuri Huanza na Swali Zuri
(Maelezo ya Ofisa Habari kwa wakazi wa kata)



Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu wilayani Bukoba ni Marburg. Hadi ulipotangazwa kumalizika, tarehe 2 Juni, ndugu zetu sita walikuwa wamefariki. Januari 2025 ulirejea mkoani kwetu, safari hii Biharamulo.

Virusi vyake hubebwa na popo walao matunda. Kwa hiyo kuufuatilia si kazi ya daktari peke yake. Yumo daktari wa mifugo, yumo ofisa wanyamapori, na yumo anayeishi jirani na pango. Shida ni kwamba kila mmoja huandika katika daftari lake.

Mwaka 2014, hapa nchini, wataalamu wa afya ya binadamu, wa mifugo na watengenezaji wa programu walikaa meza moja. Ikazaliwa AfyaData, programu ya simu ya kutoa taarifa za magonjwa ya watu na wanyama, chini ya kituo cha SACIDS kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Msingi wake ni Open Data Kit, zana huria iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kwa zana hiyo, fomu huandaliwa katika jedwali la kawaida: safu moja ina maneno ya swali, nyingine aina ya jibu, iwe namba, tarehe, picha au mahali. Daktari wa mifugo asiyejua kuandika programu anaweza kulirekebisha swali mwenyewe. Simu nayo huhifadhi majibu pasipo mtandao, ikayatuma inapoupata. Kwa wakazi wa visiwa vya Muleba, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, swali likikosewa, mtandao husambaza kosa kwa kasi ileile. Fomu ikimuuliza mvuvi kijiji chake tu, ilhali yeye huhama mwalo kwa mwalo, jibu litakuwa la kweli, lakini anayemtafuta hatampata.

Ndugu wananchi, mkiletewa fomu ya majaribio, semeni waziwazi swali lipi halieleweki. Nanyi ni wataalamu katika meza ile. Mkiona ugonjwa au vifo visivyo vya kawaida, vya watu au mifugo, msisubiri: mwarifuni mhudumu wa afya ya jamii au Mtendaji wa Kijiji. Kwa afya ya binadamu, pigeni 199 bila malipo.