Mada ya Leo: Nani Aketi Kwenye Kamati ya Silaha?

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tunazungumza juu ya bunduki, na juu ya wale wanaoketi kuishauri serikali kuhusu bunduki. Usizime redio, mama. Jambo hili linakuhusu.

Usiku mmoja nikiwa zamu, mama mmoja aliingia mbio akiwa amembeba mwanawe wa miaka saba. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa leso, na leso imelowa damu. Alikuwa amechezea bunduki aliyoikuta chini ya kitanda, bunduki ya kulinda mifugo. Tulikandamiza jeraha, tukamwekea maji ya mshipa, tukangoja gari hadi alfajiri, kwa sababu dereva aliogopa barabara ile usiku. Mtoto alipona, lakini anachechemea mpaka leo.

Miezi miwili baadaye kulikuwa na mkutano wa usalama karibu na kituo chetu. Walioketi ni mkuu wa polisi, chifu, wazee na wanasiasa. Walizungumza juu ya mifugo iliyoibwa na bunduki zinazotakiwa kurudishwa. Hayo ni ya maana. Lakini hakuna aliyeuliza bunduki hulazwa wapi usiku. Aliyejua jibu alikuwa nyuma ya nyumba akipika chai ya wageni. Alikuwa mama wa mtoto yule.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisemi polisi au wazee waondoke. Polisi anajua bunduki zinaingilia njia gani. Mzee anajua vijana wanamsikiza nani. Lakini mama anajua imefichwa wapi. Muuguzi anajua majeruhi hufika saa ngapi, na ni mama gani mjamzito aliyekosa kliniki kwa hofu ya njiani. Aliyepigwa risasi akabaki na ulemavu anajua gharama yake ya kila siku. Wote hawa wanafaa kusikizwa.

Hatuombi hisani, mama. Mwaka 1996 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba vurugu ni tatizo la afya ya umma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inasema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja.

Tena kuna Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Kifungu cha 41 kinataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, gavana, au mjumbe wa serikali ya kaunti aliyemteua, akiwa mwenyekiti. Ndani yake wamo wakuu wa usalama wa kaunti, watu wawili waliopendekezwa na bunge la kaunti, na wakazi wasiopungua sita. Wakazi hao hutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, mashirika ya dini na vijana. Mojawapo ya kazi zake ni kufuatilia uhalifu, pamoja na ule unaowaumiza wanawake na watoto. Leseni ya bunduki hutolewa kitaifa, si na kaunti. Lakini doria ipite wapi, na gari la wagonjwa lisindikizwe vipi usiku, ni mambo ambayo kaunti inaweza kuyapendekeza.

Basi ufanye nini?

Kwanza, katika baraza la chifu, uliza kama mamlaka hii imeundwa katika kaunti yako, na ni nani anayeshikilia kiti cha wanawake.

Pili, uliza mtu huyo anaishi wapi, na hurudi lini kuwaeleza wenzake yaliyoamuliwa. Kiti cha wanawake kikipewa jamaa ya mkubwa anayeishi mjini, sisi hatuna kiti.

Tatu, ombeni mkutano uwekwe saa ambayo mama hayuko kisimani wala hakamui. Mwambieni pia muuguzi wa zahanati yenu aitwe aeleze anayoyaona.

Nne, pangeni ya kusema mapema katika chama chenu cha akina mama. Semeni mambo mawili au matatu tu, yaliyo wazi.

Lakini jihadhari, mama. Usitaje jina la mwenye bunduki mbele ya watu. Sema juu ya hatari, usiseme juu ya jirani. Uhai wako ni muhimu kuliko kikao.

Na nyumbani, mfundishe mtoto kwamba akiona bunduki asiiguse, amwite mtu mzima. Mtu akipigwa risasi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia, na mkimbize hospitali. Usijaribu kuitoa risasi.

Mama yule sasa hupika chai mapema. Wageni wakianza kuketi, naye anavuta kiti. Mkutano uliopita ndiye aliyeuliza bunduki zinalala wapi, na wanaume walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kujibu. Nawe, mama, vuta kiti.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema wewe na watoto wako.