Viatu vya Chuma vya Mtoto wa Mguu Kifundo: Wiki ya Kwanza Nyumbani

(Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Mbita, Rusinga na Mfangano)



Mazungumzo ya leo yanahusu usiku mmoja hasa, usiku wa kwanza mtoto anapolala na viatu vya chuma. Familia imemaliza wiki nyingi za plasta. Kila wiki imevuka ziwa kwa boti au imepanda bodaboda na matatu hadi kliniki, na sasa mhudumu amesema mguu umenyooka. Nyumbani kuna furaha. Kisha saa nne usiku mtoto anaanza kulia. Anapiga miguu, chuma kinagonga ukuta wa mabati, na majirani wanaamka. Ikifika saa sita nyanya anasema, "Mvueni mtoto hivyo vyuma, mnamtesa." Mama anavivua na mtoto analala. Usiku wa pili inakuwa hivyo hivyo, na wa tatu pia. Miezi michache baadaye, mguu umeanza kurudi ulikotoka.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Nyanya ana huruma na mama amechoka. Lakini katika matibabu ya mguu kifundo, hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Hesabu zinazotajwa na wataalamu wa njia hii ni nzito. Katika familia zilizofuata maagizo ya viatu, mguu ulirudi kupinda kwa watoto kama 6 katika kila 100. Katika zile zilizoviacha, ulirudi kwa zaidi ya 80 katika kila 100.

Mguu kifundo ni ile hali ya mtoto kuzaliwa unyayo ukiwa umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Huwapata mtoto mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaozaliwa. Kwa jirani zetu wa Uganda, uchunguzi ulipata karibu 12 katika kila 10,000. Wavulana huwa wengi kuliko wasichana, takriban wawili kwa mmoja, na karibu nusu ya watoto hao huwa na miguu yote miwili iliyopinda. Chanzo chake hasa hakijajulikana, ingawa wakati mwingine hali hii hufuata ukoo. Jambo la kusemwa waziwazi hapa Mbita ni kwamba si chira. Mama hakuvuka kitu alipokuwa mjamzito, na baba hakuvunja mwiko wowote. Mtoto anayefichwa nyumbani kwa sababu ya maneno ya watu hupoteza miezi ambayo mguu wake ni laini na unanyooka kwa urahisi.

Njia inayotumika leo inaitwa Ponseti. Ignacio Ponseti alikuwa daktari aliyezaliwa Uhispania mwaka wa 1914 na kufanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Tarehe yake ya kuzaliwa, 3 Juni, ndiyo siku ya mguu kifundo duniani. Aligundua kwamba mguu wa mtoto mchanga hauhitaji kupasuliwa sana. Mhudumu huunyoosha kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Baada ya wiki moja plasta hufunguliwa, mguu ukanyooshwa tena kidogo na kufungwa plasta nyingine. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Kwa watoto wengi, mwishoni hukatwa kano fupi iliyo nyuma ya kisigino, kwa dawa ya ganzi na kidonda kidogo sana, kisha plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Kano hujiunga yenyewe, ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa.

Hapo ndipo viatu vinapoingia. Ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma chenye upana wa mabega ya mtoto, huku nyayo zikiangalia nje. Aina inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ilibuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, fundi Mholanzi aliyetumia ngozi, mbao na chuma cha kawaida, vitu ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvipata sokoni. Kiatu hicho kiko wazi mbele, na nyuma kina tundu. Tundu hilo si urembo. Ni dirisha la mzazi la kuona kama kisigino kimekaa chini.

Miezi mitatu ya kwanza viatu huvaliwa saa 23 kwa siku. Saa moja inayobaki ni ya kuoga, kucheza na kunyoosha miguu. Baada ya hapo huvaliwa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, jumla ya saa 12 hadi 14, mpaka mtoto afikishe miaka minne hivi. Ndiyo, ni miaka minne. Ni heri mzazi alisikie hilo mapema kuliko kuligundua njiani, kwa maana anayedhani ni miezi mitatu tu ataviacha mtoto anapoanza kutambaa, na huo ndio wakati mguu bado una nguvu nyingi za kurudi.

Turudi kwenye ule usiku wa kwanza.

Mtoto halii kwa sababu mguu unauma kama jeraha. Analia kwa sababu tangu azaliwe amezoea kupiga mguu mmoja mmoja, na sasa miguu yake inakwenda pamoja. Ni mgeni kwa miguu yake mwenyewe. Kumfundisha huanza mchana, si usiku. Mzazi humlaza chali, hushika kile chuma katikati na kukisukuma polepole ili magoti yote mawili yakunjwe, kisha hukivuta yanyooke. Anakunja, ananyoosha, huku akimwimbia au akimchekesha. Baada ya kucheza hivyo mara kadhaa kwa siku, mtoto hugundua kwamba anaweza kupiga miguu yote miwili kwa pamoja, na wengi huufurahia mchezo huo. Kwa kawaida kilio cha viatu huwa kikubwa siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua.

Katika siku hizo tatu viatu visifunguliwe ili kumbembeleza. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mtoto hujifunza haraka kuliko watu wazima wanavyodhani, na akilia mara mbili akavuliwa, mara ya tatu atalia zaidi. Abebwe, anyonyeshwe, atembezwe uani, aimbiwe, lakini viatu vibaki miguuni. Chuma kifungwe kitambaa laini au kipande cha leso kuukuu, kisimgonge mtoto wala mama wanaolala kitanda kimoja, na kisiamshe mtaa.

Hata hivyo, kilio kisidharauliwe. Mbita ni eneo la malaria, na mtoto anayelia huku mwili ukichemka halii kwa sababu ya viatu. Apelekwe kituo cha afya. Na hata kama hana homa, mzazi aangalie miguu kabla ya kusema ni mazoea tu.

Uangalizi wenyewe huanzia wakati wa kuvalisha. Kwanza soksi ya pamba, safi na kavu, isiyo na mkunjo. Jua la ziwani ni kali na mguu ndani ya ngozi hutoka jasho, kwa hiyo soksi zibadilishwe kila zinapolowa, na jozi tatu au nne si anasa. Mguu uliokuwa umepinda zaidi uvalishwe kwanza. Goti likunjwe, kisigino kisukumwe chini mpaka mwisho, ukanda wa katikati ukazwe, ndipo kamba zifungwe. Kisha mzazi atazame kwenye tundu la nyuma. Kisigino kisipoonekana chini, afungue na kuanza upya. Zipo njia mbili nyingine za kuhakikisha. Avute mguu taratibu mbele na nyuma, na vidole vikiteleza ndani ya kiatu, kisigino hakijakaa. Au achore mstari kwa kalamu kwenye wayo wa kiatu, pale vidole vinapofika siku ambayo mhudumu mwenyewe amevalisha. Mstari huo utamwambia kila siku kama mguu uko mahali pake.

Wazazi wengi hulegeza kamba wakidhani wanampunguzia mtoto maumivu. Matokeo yake ni kinyume. Kiatu kilicholegea humwacha mtoto akichomoa kisigino, na kisigino kinachopanda na kushuka ndicho kinachofanya malengelenge. Wekundu kidogo baada ya kuvua viatu ni kawaida. Wekundu mkali au lengelenge nyuma ya kisigino maana yake mara nyingi ni kwamba kiatu hakijakazwa vya kutosha. Hapo mafuta ya kujipaka hayafai kabisa, kwani hulainisha ngozi na kuongeza kidonda. Siku za mwanzo mzazi afungue na kuangalia ngozi mara kadhaa kwa siku, kisha afunge tena mara moja. Kidonda kikitokea arudi kliniki haraka, asikae nyumbani wiki mbili akisubiri kipone huku viatu vikining'inia msumarini.

Misumari na skrubu za chuma ziachwe zilivyo. Pembe ya kila kiatu imepimwa: mguu uliokuwa na kasoro huelekezwa nje nyuzi 60 hadi 70, na mguu mzima nyuzi 30 hadi 40. Baba mwenye spana nyumbani ataona unyayo umegeuka mno na kutaka kuurekebisha. Asifanye hivyo.

Sasa kuna suala la nani yuko nyumbani. Huku kwetu mama hurudi ufuoni mapema kuanika omena, na mtoto hubaki na nyanya, shangazi au dada yake wa miaka kumi. Maagizo yaliyo kichwani mwa mama peke yake hayatoshi. Siku ya kupokea viatu ni vyema mtu mwingine wa nyumbani aende kliniki, hasa nyanya, amsikie mhudumu kwa masikio yake na avalishe mwenyewe mara moja mbele yake. Nyanya akielewa, ndiye huwa mlinzi mkali wa viatu kuliko mama. Mbebaji naye aonyeshwe, kwa sababu mtoto mwenye chuma hawezi kutanua miguu kuzunguka kiuno cha mtu. Abebwe mbele au ubavuni, miguu yote ikiwa upande mmoja. Na mchanga wa ufuoni usiingie kiatuni. Kokoto moja ndogo ndani ya soksi inatosha kuharibu usiku mzima.

Nauli pia ni sehemu ya matibabu, hata kama haiandikwi kwenye kadi. Wavuvi wa omena wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, na wiki hizo mfukoni hakuna kitu. Plasta haingoji mwezi ufifie. Familia inayokaa Mfangano au visiwa vya mbali zaidi ipange mapema, iweke kando nauli ya siku za giza kwa ajili ya siku za mwanga, na imwambie mhudumu kabla ya kukosa tarehe badala ya baada yake. Ijisajili pia katika bima ya SHA, na iulize kliniki ni huduma zipi zinalipiwa. Asiyejua pa kuanzia aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au amwite mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Mtoto akizaliwa, muuguzi aombwe aangalie miguu kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Na aliyechelewa asikate tamaa. Watoto wakubwa pia hutibiwa kwa njia hii, ingawa kazi huwa ndefu zaidi.

Wakati wa plasta, vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, mtoto arudishwe siku hiyo hiyo. Wakati wa viatu, dalili ya kuogopa ni kisigino kinachokataa kushuka ilhali wiki iliyopita kilishuka, au unyayo unaoanza kutazama ndani. Kwa mtoto anayetembea, ni pale anapokanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu au kwa vidole. Mara nyingi plasta chache huurudisha mguu ukiwahiwa mapema. Mzazi asiogope kukaripiwa, hata kama viatu viliachwa kwa miezi miwili. Mhudumu anahitaji kujua ukweli ili apange matibabu.

Baada ya ile miezi mitatu, mchana huwa huru. Mtoto atatambaa, atasimama, atavaa kandambili kama wenzake. Viatu vya chuma vifuate saa ile ile kila jioni, baada ya kuoga na kabla ya uji au ziwa, visiwe jambo la kujadiliwa. Mtoto wa miaka miwili aliyezoea hivyo huleta viatu vyake mwenyewe. Aliyevaa leo akaachwa kesho hupigana kila usiku.

Vidole vikianza kupita ukingo wa kiatu, ni wakati wa jozi kubwa zaidi, na chuma nacho kipimwe upya kulingana na mabega. Vile vya zamani visigawiwe kwa mtoto wa jirani bila mhudumu kumpima. Vipelekwe kliniki siku ya kuchukua vipya.