Dhiki haichongi kinyago

Ndugu msikilizaji, yako maneno ambayo sisi watu wa mjini tumezoea kuyasema bila kuyapima. Mojawapo ni hili, kwamba dhiki humfanya mtu kuwa msanii. Tunalisema tukisikia habari za mwimbaji aliyekua yatima au mchoraji aliyelala na njaa. Mimi leo nalipinga. Kama dhiki ingetosha, kila mtaa wetu ungejaa kazi za sanaa. Dhiki ni gogo tu. Pasipo tezo, patasi na siku nyingi za kukaa chini, gogo hubaki kuni.

Ushahidi wangu ni Wamakonde. Hawa, katika uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walikuwa wachongaji tangu zamani, na vinyago vyao vya ngoma ya mapiko vinajulikana. Chini ya utawala wa Wareno walishurutishwa kulima pamba na kufanya kazi za shokoa. Wengi wakavuka Mto Ruvuma, wakaja Tanganyika kukata mkonge mashambani. Tarehe 16 Juni 1960 huko Mueda, watu waliokuwa wamekusanyika kutoa madai yao mbele ya wakubwa wa serikali walipigwa risasi. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vikaanza, na wakimbizi wakaongezeka. Watu hao waliacha nyuma mashamba, ndugu na makaburi ya wazee wao.

Machungu hayo yangeweza kuishia kwenye pombe na ugomvi. Kwa baadhi yao yaliingia kwenye mpingo. Na mpingo, ndugu msikilizaji, haukubali pupa. Ni mti mzito hata ukiutia majini unazama, na ugumu wake hula makali ya chuma. Fundi hukaa chini, akalibana gogo kwa nyayo, akaiondoa kwa tezo sehemu nyeupe ya nje mpaka akifikie kiini cheusi. Hufuata patasi, kisha tupa, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, na mwisho nta. Kazi kubwa huchukua miezi. Kipande kilichokwisha kuondolewa hakirudishwi. Kwa hiyo mwenye hasira hawezi kuuchonga mpingo kwa hasira. Sharti kwanza aishushe mpaka iwe mkono uliotulia.

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 kinyago alichokuwa akikichonga fundi Samaki Likankoa kilivunjika mkono. Hakukitupa. Alikitazama tena, akakimaliza kama kiumbe kisicho binadamu, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akakipokea na kumtia moyo. Huo ukawa mwanzo wa mtindo tunaouita shetani. Fundi mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, alichonga watu wakimbeba mwenzao aliyeshinda mieleka. Kwa Kimakonde mtindo huo uliitwa dimoongo. Baadaye ukakua, ukawa nguzo ya watu wengi waliobebana katika gogo moja, nasi tukauita ujamaa. Mtu aliyetenganishwa na jamaa zake anaweza kutumia miezi kuwachonga watu wasiotengana. Sioni kilio kilichotulia kuliko hicho.

Sasa tuje kwetu wanunuzi. Nilipokuwa kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, nilimwona mteja akiinua nguzo ya namna hiyo na kutaja bei ya chakula cha mchana, huku akisema kuwa huo ni mti tu. Fundi hakujibu, aliendelea kupiga msasa. Nami najiuliza, mteja huyo alitaka fundi afanye nini? Jibu lipo sokoni humo humo. Wako wanaochukua mti mwepesi, wakauchonga kwa siku moja, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu, wakauita mpingo. Tunawalaumu kwa udanganyifu, nao wanastahili lawama. Lakini anayetaka kazi ya miezi kwa bei ya siku moja ameuagiza udanganyifu huo kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi ukinunua, kipime kinyago kwa mkono uone uzito wake. Geuza kitako uangalie kama weusi umeingia ndani au umepakwa tu. Muulize fundi amekaa nacho siku ngapi, kisha hesabu siku hizo kama unavyohesabu siku zako wewe za kazi.

Na wewe kijana mwenye machungu yako, usiyaonee fahari kana kwamba tayari ni kipaji. Tafuta fundi, kaa chini, jifunze kunoa patasi kabla ya kuishika kazi. Wahenga walisema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Walijua kwamba aliyekaa na jambo miezi kadhaa, akalijua kila pembe yake kwa vidole, halimwogopeshi tena. Lakini ni lazima alichonge.